Kijana Aliyeipenda Ramani



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za kijana ambaye moyo wake umeshikwa na safari. Katika nyumba nyingi za Wakristo yumo mmoja wa namna hii. Akiisha kula, kazi yake ni kutazama ramani. Majina ya miji ya ng'ambo ayajua kuliko majina ya vijiji vya jirani. Huhesabu nauli, huandika katika daftari nchi atakazozipitia na siku atakazokaa katika kila nchi, na kila juma safari huzidi kuwa ndefu. Baba humwona kuwa mvivu. Mama huogopa kwamba siku moja ataondoka asirudi. Mwalimu naye hukasirika, kwa kuwa daftari ya hesabu imejaa picha za marikebu. Je, tumkataze? Au tumwache afuate moyo wake? Au liko neno jingine la kumwambia?

Hatupendi kujibu kwa maneno matupu. Twawaletea habari za kijana mmoja aliyekuwa na shauku hiyo hiyo, ambaye safari zake zilimfikisha kwetu Mombasa na Rabai. Matunda ya kazi yake twayala hata leo kila tusomapo ukurasa wa Kiswahili kwa herufi hizi. Jina lake Johann Ludwig Krapf.

MTOTO WA MKULIMA

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, upande wa kusini wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Nchi ile i mbali na bahari, wala mtoto hakupata kuona marikebu. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine, akaugua muda wa miezi sita. Katika kulala kwake alisoma sana Biblia, na alipopata nguvu za kuwafuata wavunaji shambani, aliwasimulia hadithi za Agano la Kale.

Baadaye alipelekwa shuleni Tübingen. Wakati huo baba yake alinunua kitabu cha ramani, na muuza vitabu mmoja akamwazima kijana kitabu cha safari za Bruce, Mskoti aliyefika Uhabeshi, yaani Ethiopia, katika karne ya 18. Krapf akafunua ramani ya Afrika. Akaona ya kuwa upande wa mashariki, katika nchi za Adal na za Wasomali, majina ni machache mno, na karatasi ni nyeupe. Akajiuliza kama kweli huko ni jangwa kubwa tu, lenye fisi wale aliowasoma katika kitabu cha Bruce.

Na tulishike vema neno hili. Weupe ule ulikuwa wa karatasi, haukuwa wa nchi. Nchi ilikuwa na watu wake, na visima vyake, na masoko yake, na njia za misafara zilizokanyagwa na babu kwa babu. Asiyejua ni mchora ramani. Vivyo hivyo kijana wetu apendaye nchi za mbali ajue ya kuwa huko aendako hakuna mahali patupu panapomngojea yeye. Kuna watu wenye nyumba zao, na adabu zao, na lugha yao, naye atakuwa mgeni mlangoni pao. Wazee wetu walisema: Msafiri maskini, ajapokuwa sultani.

SHAUKU YAPATA KUSUDI

Basi Krapf akatamani kuwa nahodha wa marikebu, apate kuziona nchi za kigeni. Lakini jambo hilo lilitaka fedha nyingi, likaachwa. Hata alipokuwa na umri wa miaka kama 15, mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi habari za kuenezwa kwa Injili katika mataifa. Neno likamwingia kijana. Hapo kwanza alitaka kuziona nchi. Sasa akaanza kuwafikiri watu wa nchi hizo. Likizo ya Pasaka ilipofika, akaenda kwa miguu hata Basel, katika Uswisi, mwendo wa kilometa 150 na zaidi, kuwauliza wakuu wa misioni kama watampokea.

Wakuu wale hawakumcheka, wala hawakumpokea siku ile. Walimrudisha nyumbani amalize shule kwanza. Mwaka 1827 akaingia katika chuo chao. Hata hapo njia haikunyoka. Mashaka yalimshika, akatoka chuoni, akasoma elimu ya dini huko Tübingen hata mwaka 1834, akafanya kazi ya kanisa kijijini, ndipo shauku ya zamani ikamrudia kwa nguvu. Mwaka 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi, ametumwa na chama cha C.M.S. cha Uingereza. Hesabuni wenyewe: toka siku ya kufunua ile ramani hata siku ya kuondoka ilipita miaka zaidi ya kumi. Na miaka hiyo haikupotea, maana ndiyo iliyomfundisha kujifunza lugha, na kazi yake yote ya baadaye ilisimama juu ya lugha.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mpango wake ulikuwa kufanya kazi Uhabeshi, na kutoka huko kuwafikia Waoromo. Lakini mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa katika nchi ya kaskazini. Akazunguka, akaingia Shoa mwaka 1839, akakaa huko karibu miaka mitatu. Alipotoka mwaka 1842 alinyang'anywa mali yake njiani. Mwaka huo, huko Misri, alimwoa Rosine Dietrich. Mwaka 1843 wakajaribu kuingia tena, na mama yule akajifungua nyikani kabla ya siku zake. Mtoto wa kike alikufa papo hapo. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Njia ya kaskazini ilipofungwa, Krapf alifikiri kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini, akipitia pwani yetu. Kwa hiyo Mombasa haikuwamo katika mpango wake wa kwanza. Ilikuwa mlango uliobaki baada ya milango mingine kufungwa. Januari 1844 alifika Unguja, na Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa watawala wa pwani. Mwezi wa Mei yeye na mkewe wakakaa Mombasa. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kadhi wa Mombasa, Mwislamu mwenye elimu, alimsaidia kwa wema.

Mwezi uliofuata homa iliingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa pili siku chache tu. Tarehe 13 Julai alikufa, na tarehe 15 mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, hana nguvu hata za kuwauguza. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Naye akawaandikia wakuu wake Ulaya ya kuwa kaburi lile la pekee ni ishara kwamba kazi imekwisha kuanza, basi wasirudi nyuma.

Twaheshimu imani ya maneno hayo. Walakini tusimpite Rosine kwa haraka, kama wengi walivyompita. Katika ramani ya mtoto wa Derendingen hakuwamo mke, wala Eneba, wala mtoto yule wa Mombasa. Kijana apangapo safari huhesabu nauli yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya gharama hulipwa na watu ambao majina yao hayamo katika daftari: mama aliyebaki, mke aliyefuata, watoto wasioulizwa.

MPANGO MKUBWA NA MTU ASIYEWEZA KUTEMBEA

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Siku walipopanda kwenda kukaa huko wote wawili walikuwa na homa. Lakini moyo wa Krapf ulikuwa ule ule wa kupanga safari. Aliona kwa macho ya moyo mlolongo wa vituo vya Injili toka Mombasa, kukata katikati ya Afrika, hata bahari ya magharibi. Akaenda Usambara mwaka 1848 kwa mfalme Kimweri, na mwaka 1849 Ukambani, ambako tarehe 3 Desemba, akiwa upande wa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wenyeji walikuwa wakiijua milima hiyo tangu zamani, lakini wataalamu wengine wa Ulaya, walioketi na vitabu vyao, walikataa kuamini ya kuwa kuna theluji karibu na ikweta.

Mwaka 1851 Krapf alikwenda tena Ukambani. Karibu na mto Tana wanyang'anyi waliushambulia msafara, wakamwua mwenyeji wake, mkuu Kivoi. Krapf alikimbia porini peke yake. Hakuwa na chombo cha maji; akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na matambara, akatembea usiku ili asionekane. Hivyo ndivyo mipango mirefu inavyoishia mara nyingi, na mwenye kupanga hana budi kujua kuishi hata daftari ikipotea.

Mlolongo ule wa vituo haukutimia katika siku zake. Na aliyebatizwa kwanza katika kazi ya Rabai alikuwa Mringe, kiwete, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Tazameni, ndugu. Mtu aliyetamani kuzunguka dunia alitumia miaka mingi hata kufika mlangoni pa mtu asiyeweza kutembea.

Afya ilipovunjika, Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853, ingawa alisafiri tena zaidi ya mara moja baadaye. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapwa mwaka 1850, nayo ilichapwa Tübingen, mji ule ule alikosoma shule. Alikufa Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata.

MASHAURI KWA WAZAZI NA WAALIMU

Kwanza, msiizime shauku ya mtoto kwa kumcheka. Baba wa Krapf, mkulima, alinunua kitabu cha ramani. Wakuu wa Basel walisema, Ngoja, hawakusema, Acha. Maneno hayo mawili hayafanani.

Pili, mpeni shauku hiyo kazi ya kufanya. Atakaye kwenda nchi fulani na aanze leo kujifunza lugha yake. Ajifunze kupika, kufua, kushona kifungo, kuuguza mgonjwa, na kuandika yale ayaonayo. Ham Mukasa wa Uganda, alipomfuata Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza mwaka 1902, aliandika habari za safari yote kwa Kiganda, hata zikawa kitabu. Kwa hiyo safari ya watu wachache imewafaidia wengi. Kijana asiyeandika juma moja la kijijini kwake hataandika mwaka wa ng'ambo.

Tatu, mfundisheni kuhesabu gharama yote, kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14:28 habari za mtu ajengaye mnara. Na katika siku hizi zetu neno hili lina uzito. Wako mawakala wa uongo wanaowaahidi vijana kazi njema ng'ambo, wakala fedha za wazazi, na wengine huwatia vijana katika utumwa. Anayemharakisha mtoto wako atie sahihi karatasi asiyoisoma si rafiki yake. Barua ya kazi isomwe na watu watatu wenye akili, na jina la mwajiri litafutwe, kabla shilingi moja haijatoka.

Nne, someni pamoja Yakobo 4:13-15, kisha Matendo 16:6-10, ambapo Paulo mwenyewe alizuiliwa njia mbili kabla ya kuonyeshwa ya tatu. Mpango si dhambi. Lakini mpango ushikwe kwa mkono uliofunguka.

Jioni moja mwezi huu, baada ya sala ya nyumbani, mwiteni kijana wenu alete ramani yake mezani, awaonyeshe njia yote toka mlangoni hata mwisho, wala mtu asimkatize. Akiisha, baba na mama wamwulize maneno matatu: Unakwenda kwa watu gani? Nani mwingine atalipa gharama ya safari hii? Na utatuletea nini? Kama majibu hayajapatikana, asione haya. Daftari ina kurasa nyingi. Ayaandike maswali hayo katika ukurasa wa kwanza, juu ya nauli.