Mtoto akiogopa namba kubwa, mpe ya mkoa wake

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 mkoani Mbeya na 1,192,728 mkoani Iringa. Ipi kati ya namba hizo inagawanyika kwa 3 bila baki? Watoto wengi wakiulizwa hivyo hukata tamaa kabla ya kushika kalamu.

Mzazi, mwambie mwanao ajumlishe tarakimu tu. Za Mbeya, 2+3+4+3+7+5+4, ni 28, haigawanyiki kwa 3. Basi na namba nzima haigawanyiki. Za Iringa, 1+1+9+2+7+2+8, ni 30, inagawanyika. Na namba nzima inagawanyika pia, jibu ni 397,576.

Sababu ni nyepesi. Ukigawa 10, 100 au 1,000 kwa 3, hubaki 1. Hivyo 700 hubakiza sawa na 7.

Kwa 4, atazame tarakimu mbili za mwisho, kwa kuwa 100 hugawanyika kwa 4. Iringa ina 28, inakubali. Mbeya ina 54, inakataa.

Hofu ya hesabu mara nyingi huanzia nyumbani. Mzazi anayesema "hata mimi hesabu zilinishinda" humpa mtoto ruhusa ya kuacha, na anayefoka humfanya afiche daftari. Kaa naye dakika kumi, mkosee na kurudia pamoja.

Leo jioni mpe ya Tanzania nzima: 61,741,120. Je, inagawanyika kwa 3? Usimtajie jibu. Akikosea, ajumlishe tena.