Mti hutoa nyama ya tunda. Mbegu na majani huyatia sumu

Ujumbe mwingi ninaoupokea kutoka kwa wasomaji wa Grant Street, mjini Buffalo, unahusu majani. Mtaa huo wa upande wa magharibi wa mji umepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Wanaoniandikia wanauliza kama chai ya majani ya mstafeli inatibu saratani, kama unga wa mbegu zake unamfaa shangazi aliyegunduliwa uvimbe kwenye titi, na kama lile tunda linalofanana na stafeli linaloota Marekani lina "nguvu" hiyohiyo. Wenye ndugu Louisville na Columbus wanasema rekodi za sauti zinazosifu tiba hiyo zinazunguka huko pia.

Sitazunguka mbuyu: hayatibu saratani. Lakini jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu aliyekwisha kusikia kwamba "madaktari wanaficha". Jibu kamili liko msituni, katika mapatano ya kale kati ya mti na wanyama wanaokula matunda yake.

Mti hauhami, na mbegu inayodondoka chini ya mama yake imeangukia mahali pabaya kuliko pote. Wanaikolojia Daniel Janzen, mwaka 1970, na Joseph Connell, mwaka uliofuata, walieleza sababu. Kuvu, mbawakawa na vimelea vinavyoishi kwa aina ile ya mti vimekwisha kujazana pale, kwenye udongo na majani yanayooza, vikilishwa na mti mkubwa mwaka hadi mwaka. Mche ukichomoza hapo unakutana na maadui waliokwisha kumzoea mzazi wake. Mche wa aina hiyohiyo ulioota mbali unakuta majirani wa aina nyingine, wenye maadui wao wasiouhusu. Kwa hiyo kubebwa si anasa. Katika misitu mingi ya mvua, aina saba hadi tisa kati ya kila kumi za miti hutegemea wanyama wabebe mbegu: hondohondo, kima, sokwe, popo, tembo.

Nyama ya tunda ndiyo nauli, na safari ina masharti yake. Sharti la kwanza: usile kabla mbegu haijakomaa. Ndiyo sababu tunda bichi ni gumu, chungu au limejaa utomvu. Sharti la pili: usitafune mbegu. Mbegu hufungwa katika ganda gumu, au hutiwa sumu, na mara nyingi vyote viwili. Pilipili imefika mbali katika hili: ukali wake huunguza mdomo wa panya, ambaye angezisaga mbegu, ilhali ndege hausikii kabisa na huzipitisha nzima. Majani hayamo katika mapatano. Mti hauna faida yoyote yakiliwa, kwa hiyo huyalinda kwa kila kemikali unayoweza kuitengeneza.

Katika Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, unaota Balanites wilsoniana, jamaa wa mjunju wa nyikani. Tunda lake ni kubwa mno kwa ndege au kima kulimeza. Tembo hulimeza zima. Nyama yote huvuliwa tumboni, kokwa hulowa, kisha hutuliwa ndani ya rundo la samadi mbali na mti mama. Watafiti waliolinganisha kokwa waligundua kuwa zilizopita tumboni mwa tembo huota mara nyingi zaidi kuliko zilizookotwa chini ya mti. Na katika Msitu wa Mabira, ambako tembo walikwisha kutoweka, miche ilikutwa imerundikana chini ya miti mama, palepale kwenye maadui. Tanzania nako, katika Usambara Mashariki, Norbert Cordeiro na Henry Howe walionyesha mwaka 2003 kwamba katika vipande vya msitu vilivyokatwa-katwa, ndege wanaobeba mbegu za mti wa Leptonychia usambarensis ni wachache, mbegu nyingi hubaki chini ya mama, na vizazi vipya vinapungua. Ukiutazama msitu kama huo kwa mbali utasema mzima, maana miti mikubwa bado imesimama.

Sasa turudi kwenye stafeli. Mstafeli na mtopetope ni wa ukoo mmoja, Anonasea, wenye aina zaidi ya 2,000, karibu zote za tropiki. Mmoja umetoroka kwenda kwenye theluji: Asimina triloba, ambao Wamarekani huuita pawpaw, ingawa na papai hauna udugu. Unaota Kentucky, unaota Ohio, ambako mwaka 2009 tunda lake lilitangazwa kuwa tunda rasmi la asili la jimbo, na unafika hadi magharibi ya New York. Tunda hubaki na rangi ya kijani kibichi, hudondoka likiiva, hunukia kama ndizi na embe, na lina mbegu kubwa kama maharage. Yote hayo yanamwita mnyama mkubwa mwenye pua kali. Leo kazi hiyo wanaifanya rakuni, mbweha na dubu, lakini wapo wanabiolojia wanaoamini kuwa zamani mbebaji alikuwa mastodoni, jamaa wa tembo aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Dhana hiyo, iliyozaliwa na makala ya Janzen na Paul Martin ya mwaka 1982 kuhusu matunda ya Amerika ya Kati, bado inabishaniwa. Mastodoni mwenyewe habishaniwi: jumba la makumbusho ya sayansi la Buffalo lilifukua mifupa yake kwa miaka mingi huko Byron, mashariki ya mji.

Silaha ya ukoo wa Anonasea inaitwa asetojenini, na inayojulikana zaidi ni anonasini. Huziba hatua ya kwanza ya mnyororo unaozalisha nishati ndani ya mitokondria. Seli hukosa nishati na kufa. Hapa ndipo matapeli wanapopata ushahidi wao: ndiyo, katika kisahani cha maabara dondoo la mstafeli huua seli za saratani. Jiki nayo huziua! Swali la tiba ni kama kitu kinaiua saratani ndani ya mtu na kumwacha mtu mzima, na hakuna jaribio la wagonjwa lililoonyesha hivyo kwa stafeli. Seli za neva, ambazo hula nishati nyingi, ni miongoni mwa zinazoumia mapema.

Mwaka 1999, katika jarida la Lancet, Dominique Caparros-Lefebvre na Alexis Elbaz walieleza wagonjwa wa kisiwa cha Guadeloupe wenye aina isiyo ya kawaida ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo, inayokuja na kuanguka-anguka na isiyoitikia vizuri levodopa, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Wengi wao walikuwa watumiaji wakubwa wa matunda na chai za majani ya ukoo huu. Baadaye panya waliotiwa anonasini kwenye damu waliharibika ubongo. Haijathibitishwa kuwa stafeli ndiyo chanzo pekee kisiwani humo, lakini mtu anayemnywesha mgonjwa chai hii asubuhi na jioni kwa miezi, akidai haina madhara kwa kuwa ni ya asili, anacheza na ubongo wa mwenzake. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilizichukulia hatua kampuni zilizouza tiba bandia za saratani, dondoo la stafeli likiwamo. Wauzaji wamehamia kwenye simu.

Sayansi haidharau mimea. Vinkristini, dawa ya leukemia, hutokana na vinka ya Madagaska. Lakini ilichujwa, ikapimwa, kipimo chake kikajulikana, na hutolewa na wauguzi wanaofuatilia damu ya mgonjwa.

Basi, kwa haraka. Nyama ya stafeli au asimina iliyoiva, mara mojamoja, kuleni. Mkiona asimina inawachafua tumbo, acheni. Mbegu temeni, msizisage, na unga wake msiupake kichwani kuua chawa: wa topetope umejeruhi vibaya macho ya watu. Mwenye Parkinson asinywe chai ya majani haya. Mwenye uvimbe aende hospitali; kituo cha saratani cha Roswell Park kipo Buffalo tangu 1898, na hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima impatie mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Kama tayari umekunywa majani, mwambie daktari bila aibu.

Na kwa wanaouliza kama asimina itaota nyuma ya nyumba Buffalo: itaota. Mbegu isikauke, ihifadhiwe ikiwa na unyevu kwenye baridi ya friji kwa miezi mitatu hivi, ndipo ipandwe. Pandeni miti miwili iliyotokana na mbegu tofauti, maana mmoja peke yake mara nyingi hauzai.