Komoni imetoka pungufu? Soma hapa kabla hujaongeza maji

Ulipanga kupata debe moja, yaani lita 20. Umechuja, umepima, zipo lita 16 tu. Na wateja wameshaambiwa kesho kuna pombe.

Hapo ndipo wengi, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, huchota ndoo ya maji na kumimina. Subiri kwanza. Jiulize: zile lita 4 zimekwenda wapi? Jibu ndilo linaloamua kama uongeze maji au la.

Zimekwenda na mvuke?

Sufuria pana, moto mkali wa kuni na kukosa mfuniko hupunguza maji haraka. Lakini mvuke hauondoki na sukari. Sukari yote imebaki kwenye sufuria, kwa hiyo ulichonacho ni kitamu na kizito kuliko kawaida. Hapa kuongeza maji ni sawa kabisa, unarudisha tu kilichopotea.

Zimebaki kwenye machicha?

Kilo 1 ya nafaka hubaki na karibu lita 1 ya maji hata baada ya kuchuja. Ukitumia kilo 4, tayari lita 4 zimekwama humo, tena zikiwa na sukari yake.

Usikimbilie kumimina maji kwenye pombe. Suuza machicha kwanza kwa maji ya moto yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kisha kamua na uchanganye na ile ya mwanzo. Utapata ujazo na utamu kwa pamoja.

Au ni kimea?

Kimea cha ulezi ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari na kuufanya uji uwe mwepesi. Kikiwa kidogo, au kikitiwa kwenye uji unaotokota, nguvu yake inakufa. Uji unabaki mzito na hauchujiki. Anayepika togwa anaijua shida hii.

Acha uji upoe kiasi, ukiwa bado wa moto ila hautokoti, halafu ongeza kimea kipya na ukoroge. Ukilegea, chuja upya.

Hesabu ya maji

Kuongeza maji hakuongezi kilevi. Kama lita 16 zingefika asilimia 5, ukizifanya lita 20 zitafika asilimia 4. Mnywaji wa kilabuni atajua kwa funda la kwanza, na kesho ataenda kwa jirani.

Wengine huongeza sukari. Gramu 17 kwa kila lita huongeza karibu asilimia 1 ya kilevi. Kwa debe zima ni gramu 340, yaani theluthi ya kilo. Piga hesabu ya bei kabla ya kununua. Na itiwe kabla pombe haijaiva, ikiwa bado inachacha, la sivyo utauza maji ya sukari.

Maji gani, na wakati gani?

Hapa usifanye mchezo. Pombe ya kienyeji haichemshwi tena baada ya kuiva. Maji mabichi ya ziwa, mto au kisima ukiyatia mwishoni, mteja anayanywa kama yalivyo. Kilevi kidogo na uchachu havitoshi kuyasafisha.

Kwa watu wa mwambao wa Nyasa hili si jambo la mbali. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700. Ugonjwa huo husambaa kwa maji na chakula chenye kinyesi cha mgonjwa, na kata moja inayozungushwa kilabuni inafikia watu wengi.

Kwa hiyo:

- Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika 1 au zaidi. Kwenye milima ya Mbinga maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo bado linaua vimelea vya kipindupindu.
- Yapoze yakiwa yamefunikwa, na uchote kwa chombo safi.
- Yaongeze kabla pombe haijaanza kuchacha. Ikishaiva, iache ilivyo.

Safari ijayo

Chukua kijiti kirefu kilichonyooka. Mimina maji lita 5 kwenye sufuria yako, simamisha kijiti na ukate alama pale maji yanapofika. Ongeza lita 5 nyingine, kata tena, mpaka sufuria ijae.

Siku ya kupika, pima mwanzoni na mwishoni. Ukipika mara mbili au tatu utajua moto wako unakula lita ngapi na machicha yako yanabaki na ngapi. Ukitaka lita 20 na unajua 7 hupotea, anza na 27.

Na kama leo zimetoka 16 na zimeshaiva, uza 16. Wateja wawili wakikosa, watawahi kesho.