Chanjo ya Kutibu Saratani ya Damu Ingali Katika Utafiti

Wazazi wa Bukoba na Muleba wanaifahamu vema chanjo ya BCG, ile inayomwachia mtoto kovu dogo begani. Hutolewa mara baada ya kuzaliwa ili kumkinga na aina kali za kifua kikuu. Wachache wanajua kwamba chanjo hiyohiyo iliwahi kujaribiwa kama tiba ya saratani za damu na mitoki, na kwamba jaribio mojawapo lilifanyika Kampala, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula.

Saratani ya damu, au lukemia, huanzia katika uboho, sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, huzaliana ovyo bila kukomaa na kuzisonga nyingine. Mgonjwa hupungukiwa damu, huandamwa na homa na hutokwa damu kwenye fizi. Kinga ya mwili hushindwa kwa sababu virusi ni mgeni, ilhali chembe ya saratani ni mwana wa nyumbani aliyeharibika. Walinzi humpita bila kumshuku.

Mwaka 1969 daktari Georges Mathé wa Ufaransa alitangaza kwamba, baada ya tibakemikali, baadhi ya watoto wenye lukemia waliopewa BCG, chembe za saratani zilizofishwa au vyote viwili walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, madaktari Ian Magrath na John Ziegler wakaijaribu BCG kwa wagonjwa wa limfoma ya Burkitt, saratani inayovimbisha taya za watoto katika maeneo yenye malaria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1976 yalionesha kuwa haikubadili mwenendo wa ugonjwa. Uingereza nako matokeo ya Mathé hayakupatikana tena.

BCG huiamsha kinga kwa ujumla, lakini haiioneshi adui ni nani. Chanjo za sasa hulenga alama maalumu, kama protini ya WT1 inayojaa katika chembe nyingi za lukemia. Watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, huchukua damu ya mgonjwa, huandaa chembe zenye kazi ya kuitambulisha alama hiyo kwa askari wa mwili, kisha humrudishia kwa sindano. Hufanyika baada ya tibakemikali kuupunguza ugonjwa, kwani chanjo peke yake haiwezi kuufyeka uboho uliokwisha kujaa saratani. Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa ulidhibitiwa. Kwa wengine ulirudi.

Kwa hiyo anayeuza "chanjo ya lukemia" mitaani Bukoba anauza kitu ambacho hospitali zenyewe hazina. Tiba iliyothibitishwa ni tibakemikali, na kwa Kanda ya Ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Katika nchi zenye huduma kamili, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia ya aina inayowapata zaidi watoto hupona. Kinachowapotezea wengi nafasi hiyo ni kuchelewa, na Muleba, ambako malaria ni ya kawaida, kuchelewa ni rahisi: homa hutibiwa kama malaria, kisha hutibiwa tena. Mtoto ambaye homa yake hurudi baada ya dawa, au ambaye kipimo hakioni malaria huku akizidi kupauka na kupata michubuko bila kuumia, anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu.