Ganda la Chenza na Mwendo wa Qi

Katika tiba ya jadi ya China, qi, inayotamkwa "chi", ni nguvu ya uhai inayoaminika kuzunguka mwilini bila kukoma, na waganga huiangalia kwa wingi wake na vilevile kwa mwelekeo wake, kwani qi ya tumbo hutakiwa kushuka na ya wengu kupanda. Ikikwama, tumbo hujaa na mbavu huuma. Ikipanda isipostahili, huja kwikwi na kichefuchefu. Dawa za kurekebisha qi hulenga hali hizo, tofauti na dawa za kuongeza qi, kama ginsengi, ambazo huhofiwa kumzidishia msongamano mgonjwa ambaye qi yake imekwama.

Iliyo maarufu kuliko zote ni chenpi, yaani ganda kavu la chenza. Huko Xinhui, katika jimbo la Guangdong, ganda hupasuliwa vipande vitatu vilivyoshikana kitakoni, huanikwa juani, kisha huwekwa ghalani kwa muda usiopungua miaka 3, likageuka kahawia na kupungukiwa na ukali wa mafuta yake. Tunda hilohilo likichumwa bado bichi, ganda lake huitwa qingpi, dawa kali zaidi inayoelekezwa kwenye ini, na hapa ndipo ustadi wa tiba hii unapoonekana wazi, kwa sababu umri wa tunda hubadilisha kabisa kazi yake.

Xiangfu nayo ni kiazi cha ndago, gugu lilelile linalowasumbua wakulima wa Afrika Mashariki. Zhu Danxi, tabibu aliyeishi kati ya 1281 na 1358, aliitia katika kidonge chake cha yueju cha kuondoa mikwamo, naye Li Shizhen, ambaye kitabu chake Bencao Gangmu kilichapishwa mwaka 1596, aliisifu sana kwa maradhi ya wanawake. Hadi leo hukaangwa kwa siki na kutumiwa kwa maumivu ya hedhi. Kwa kuwa dawa nyingi za kundi hili zina mafuta yanayopotea na mvuke, hazichemshwi kwa muda mrefu.

Hakuna chombo kilichowahi kuipima qi, lakini kemikali za mimea hii hupimika, na baadhi yake si za kuchezea. Madanzi machanga, yaitwayo zhishi, yana sinefrini, ambayo huweza kupandisha shinikizo la damu, nayo ilienea katika vidonge vya kupunguza unene baada ya Marekani kupiga marufuku virutubisho vya efedra mwaka 2004. Muxiang, mzizi wenye harufu nzuri, una jina linalokaribiana mno na qingmuxiang, mmea wa jamii ya Aristolochia wenye asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani. Kwa hiyo anayenunua dawa hizi na adai jina la kisayansi la mmea, na mjamzito au mwenye shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuonja chochote.