Mzaha Uliotumbuka Usaha

Wahenga walinena: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kule Uingereza, mwaka 1994, televisheni ya BBC ilianza kuonyesha kipindi cha kuchekesha kiitwacho "Fantasy Football League". David Baddiel na Frank Skinner waliketi kochini na wageni wao, wakawatania wachezaji wa ligi, huku Statto, bingwa wa takwimu, akiwa pembeni na nguo zake za kulalia. Watu walicheka.

Lakini msimu wa 1995/96 utani ulimwangukia Jason Lee, mshambuliaji mweusi wa Nottingham Forest. Baddiel alijipaka rangi nyeusi usoni na kujitwika nanasi, kuzifanyia stihizai nywele zake. Mashabiki wakaligeuza nanasi hilo wimbo, wakawa wakimwimbia viwanjani.

Ilipita miaka zaidi ya 25. Mwaka 2022 Baddiel alimwendea Lee, akamtaka radhi uso kwa uso.

Surat Al-Hujurat yatukataza kufanyiana stihizai. Watani hujibizana, lakini wa kwenye televisheni hucheka na nchi nzima, naye achekwaye yu peke yake.

Je, msomaji, nasi barazani tuzungumzapo mpira, twazichunga ndimi zetu?