Je, Wajua? Kuna Kompyuta Ukutani Kwako

Wewe wa Ilomba, hebu inua macho uitazame mita yako ya LUKU. Wajua kwamba mle ndani mna kompyuta kamili? Inaitwa maikrokontrola: ubongo wa kupiga hesabu, kumbukumbu, saa na milango ya kupokea na kutoa taarifa, vyote kwenye chipu moja!

Wajua kwamba tokeni haihitaji mtandao ili iingie kwenye mita? Zile tarakimu 20 zimefungwa kwa siri ya mita yako peke yake, na yuniti ulizonunua zimo humo humo. Kinachopeleka habari kutoka TANESCO hadi ukutani ni kidole chako! Mpe jirani hiyo tokeni aijaribu kwake uone.

Unakumbuka 2024 wengi wetu tulipobonyeza tarakimu 60 badala ya 20, huku tukinung'unika? Kisa chenyewe ni kitamu. Mfumo huo wa tokeni, unaotumika nchi nyingi duniani, ulikuwa ukihesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na ulitengewa biti 24 tu. Biti 24 ni dakika 16,777,216, basi. Piga hesabu mwenyewe: zilikwisha 24 Novemba 2024! Zile tarakimu 40 za ziada ziliiambia mita ianze kuhesabu upya.

Sasa shika maikrokontrola nyingine, chipu ya ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno wanayojifunzia wanafunzi. Kumbukumbu yake ya kazi ni baiti 2,048. Meseji 13 za herufi 160 hazienei! Lakini usiidharau: kwenye bodi hiyo saa yake hupiga mara 16,000,000 kwa sekunde moja, na inapotekeleza amri moja tayari inasoma inayofuata.

Ikilala usingizi mzito hula mikroampia 0.1 tu. Betri ya kidonge itachakaa kwa uzee wake kabla chipu haijaimaliza!

Na wajua baridi ni rafiki yake? Watengenezaji wanasema kwenye nyuzi 85 hutunza ilichoandikiwa miaka 20, lakini kwenye nyuzi 25 miaka 100. Kwa hali ya hewa yetu ya Mbeya, mjukuu wako ataikuta bado inakumbuka.

Programu ikikwama je? Ndani mna mlinzi anayehesabu. Programu isipomgusa ndani ya muda aliopangiwa, ambao hauzidi sekunde 8 hivi, anaizima chipu na kuiwasha upya bila kumuuliza mtu.

Na ukoo mzima wa chipu hizi, AVR, ulianza kichwani mwa wanafunzi wawili wa Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Wanafunzi, jamani!

Bado una shaka kwamba kompyuta hizi zimekuzunguka? Chomoa laini ya simu yako. Kile kibati cha rangi ya dhahabu kimefunika maikrokontrola nyingine.